Doti Elfu Sita Ambazo Hazikuuzwa

Wiki ya makadirio, wauza vitenge wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, huwa maskini. Rafu zilizojaa Jumatatu, kufika Jumatano zinaonyesha mbao zake. Mzigo mzuri unafungwa kwenye viroba na kupelekwa nyumbani, na afisa wa kodi akipita anamkuta mwenye duka ameshika tama mbele ya doti kumi na tano zilizopauka. Wenye maduka madogo wasioweka hesabu hukadiriwa kwa macho: afisa anatazama mzigo, anauliza maswali mawili matatu, anaandika mauzo ya mwaka anayoyadhani, na kodi inatokana na hapo. Kwa hiyo watu hujitahidi macho hayo yasione kitu.

Sitetei. Naeleza tu ilivyokuwa, kwa sababu Mwanaidi Bushiri alifanya hivyo kwa miaka kumi na saba, na mwaka aliofanya hivyo kwa mara ya mwisho haikumsaidia chochote.

Mimi nilikuwa na steshenari, ukuta mmoja na duka lake. Nilisoma uhasibu ngazi ya stashahada, nikaishia kutoa nakala za vyeti na kujazia watu fomu. Mwanaidi alikuwa ananizidi miaka minane hivi. Aliniita mdogo wangu, nami nilimwita dada. Jumanne hiyo ya mwezi wa tatu nilimsaidia kubeba viroba hadi kwenye bajaji ya kwenda kwake Iyunga, na Jailos, muuza ndoo na mabeseni wa ng'ambo ya kichochoro, akatuona.

"Mama Saida! Unahama bila kuaga?"

"Sihami. Nalipunguzia duka uzito."

"Punguza na wewe basi, kigoda kinalia."

"Kitalia msibani kwako, Jailos."

"Nyie watu wa Iringa bwana, hasira mmeziweka karibu na mlango."

Alicheka yeye mwenyewe zaidi ya wote. Mwanaidi hakucheka, lakini alimrushia ganda la karanga, na kwake hilo lilikuwa sawa na kucheka.

Kweli alikuwa mtu wa Iringa. Alizaliwa Mshindo, mtaa wa wafanyabiashara, kwa baba ambaye babu yake alitoka Kilwa na shehena ya nguo akaona baridi ya Iringa inamfaa. Nyumbani kwao kila mtoto alijua kukunja kitambaa kabla ya kujua kusoma. Alikuja Mbeya akiwa na miaka ishirini na mbili, bi harusi wa Idrisa, aliyekuwa na meza ndani ya soko la zamani. Soko likaungua. Idrisa alisimama barabarani akiangalia moshi, na Mwanaidi akamwambia, "Twende nyumbani, hapa hakuna la kuzima." Walianza upya kwa doti nane za mkopo. Walipopata fremu ya duka, Idrisa alikuwa ameshaanza kuumwa kisukari. Alikatwa mguu, kisha akafa. Mwanaidi akabaki na binti mmoja, Saida, na mlango wa bati wa kukunja ambao aliufungua kila asubuhi saa moja na nusu, mvua au ukungu.

Kitu kingine alichobaki nacho ni jina lake. Kulikuwa na kikundi cha wanawake ishirini na wanane, Waislamu na Wakristo, cha kufa na kuzikana. Sanduku la michango lilikaa kwa Mwanaidi miaka kumi na moja. Hakuna aliyewahi kupendekeza likae kwingine. Wanyakyusa wa kikundi walisema ni kwa sababu yeye si ndugu wa mtu yeyote hapa, kwa hiyo hana wa kumpendelea. Nadhani ilikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa anaongea kidogo, na alichokisema kilikuwa hivyo.

Ndiyo maana habari ya ukurasa wake wa mtandaoni inaniuma mpaka leo.

Miaka ile wateja walipoanza kununua kwa simu, kichochoro chetu kilipoa. Mtu alikuwa anasimama mlangoni, anapiga picha kitenge, anauliza bei, halafu anakwenda kutafuta mtandaoni. Saida, aliyekuwa chuoni Iringa, akamwambia mama yake wafungue ukurasa. Kuanza na wafuasi sifuri kungechukua miaka, kwa hiyo walinunua ukurasa uliokwisha kukua. Ulikuwa wa msichana mmoja wa Iringa, wa umbea wa harusi: nani kaachwa siku ya send-ofu, nani kavaa gauni la kukodi. Wafuasi elfu thelathini na nane. Saida alibadilisha jina na picha, na asubuhi moja watu elfu thelathini na nane waliokuja kutafuta umbea wakajikuta wanaangalia vitenge vya Mwanaidi. Wengi wao hawakuwahi kununua hata leso.

Kila mwezi Mwanaidi alilipia matangazo ili picha zake zisambazwe. Kampuni yenye mtandao huo ilikuwa ng'ambo. Alilipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu yake, hela ikaenda, tangazo likatoka. Na tangazo lilikuwa na desturi yake. Saida aliikuta kwa wenzake. Mzigo ukikaa wiki mbili bila kuguswa, unaandika juu ya picha kwa herufi nyekundu: DOTI ISHIRINI ZOTE ZIMEISHA, ASANTENI WAPENZI. Yule aliyekuwa anasitasita anajuta. Anapiga simu: kweli hamna hata moja? Anaambiwa, subiri niangalie stoo. Moja inapatikana.

"Huu ni uongo, Saida," mama yake alimwambia mara ya kwanza, simu ikiwa kwenye spika, mimi nipo.

"Mama, ni utangazaji. Kila mtu anaandika. Anayesoma naye anajua."

"Kama anajua, kwa nini anapiga simu?"

Siku ile ziliuzwa doti tatu, na Mwanaidi hakuuliza tena. Hilo lilikuwa kosa lake, na nalijua vizuri kwa sababu nami nilikuwepo na sikusema kitu.

Afisa aliyekuja Alhamisi ya wiki ile ya viroba aliitwa Anania. Kijana wa miaka thelathini na kitu, kwao ni vilima vya Umalila, wazazi wake wakulima wa viazi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la kutembea mlango kwa mlango. Aliingia akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiyo kama unavyoona, biashara imelala."

"Naona, mama."

Lakini hakuwa anaona. Hakuinua hata macho kwenye rafu. Zile mbao tulizohangaika kuziacha wazi zilibaki zikitazamana zenyewe. Alivuta kigoda, akaketi, akatoa simu.

"Ukurasa huu ni wako?"

"Ni wa binti yangu. Yuko chuo, Iringa."

"Namba ya simu hapa ni yako."

"Ni yangu."

"Na jina la duka ni hili la kwenye leseni."

"Ndilo."

"Basi naomba uje ofisini kesho Ijumaa, mama, tukae vizuri. Uje asubuhi, mchana foleni inakuwa kubwa."

Alipotoka, Jailos alivuka kichochoro mbio. "Amekukagua kwenye simu? Mimi ndoo zangu hazijui hata kupiga picha, ashukuriwe Mungu." Kisha akamwangalia Mwanaidi usoni, akaacha mzaha.

Ijumaa nilikwenda naye. Anania alikuwa na daftari kubwa, na ndani yake, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri na mwalimu mkali, alikuwa ameorodhesha matangazo yote ya ule ukurasa, tarehe kwa tarehe.

"Mama, hapa nina matangazo mia tatu na kumi na mawili. Kila moja linasema doti ishirini zimeisha. Ni doti elfu sita mia mbili na arobaini kwa mwaka. Mwaka jana ulitueleza umeuza doti mia nne."

Mwanaidi alishika upindo wa mtandio wake. "Hazikuuzwa."

"Imeandikwa zimeisha."

"Imeandikwa. Ila hazikuuzwa. Ni maneno ya biashara, mwanangu. Kila mtu anaandika."

"Kila mtu nitamfikia. Nimeanza na wewe kwa sababu wafuasi wako ni wengi."

"Hao ni wafuasi wa umbea. Ukurasa tuliununua."

Anania alichukua kalamu. "Mliununua kwa shilingi ngapi?"

Mtu mmoja kwenye benchi nyuma yetu alicheka, akajifanya anakohoa.

Hesabu ya Anania ilimtoa Mwanaidi kwenye kundi la wadogo na kumpeleka kwenye kundi la wanaotakiwa kuweka vitabu na mashine ya risiti, na tofauti ya kodi ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko mzigo wote, ule wa rafuni na ule wa Iyunga ukiujumlisha. Leseni yake ilikuwa inakwisha mwezi wa sita. Bila hati ya ofisi ya kodi ya kuonyesha kwamba hudaiwi, leseni haihuishwi. Bila leseni, fremu inapewa mwingine. Watu walikuwa kwenye orodha wakisubiri.

"Unaweza kuweka pingamizi," Anania alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia. "Niletee kimojawapo kati ya viwili. Ama barua ya hiyo kampuni ya mtandao, inayoonyesha matangazo yako yalileta wanunuzi wangapi. Ama kiapo cha wakili kwamba hayo matangazo yalikuwa ya uongo, na mashahidi wawili kati ya wateja wako wakisaini."

Mwanaidi alilikwepa neno la pili kama mtu anavyokwepa dimbwi. "Ofisi yao iko wapi?"

"Hawana ofisi Tanzania, mama."

"Mbona nawalipa?"

"Unawalipa." Aligeukia dirisha. "Iko hivyo."

Tulirudi kwa miguu. Njiani nilimweleza kadiri nilivyokuwa nimesoma kwenye magazeti, maana nayasoma yote kabla sijawauzia wauza karanga wayafungie. Kwamba serikali yetu, kama serikali nyingine nyingi, ilichoka kuona kampuni hizi kubwa za mitandao zikichuma kwa watu wake na kuondoka bila kuacha kitu. Sheria za kodi zilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye jengo, ghala, meneja wa kushitakiwa. Kampuni hizi hazina hata kibao cha mlangoni. Faida yao inaandikwa kwenye nchi waliyoichagua wao. Mataifa yamekaa mezani miaka mingi yakibishana namna ya kuigawana. Wakati yanabishana, nchi kama yetu ziliweka za kwao: kampuni ya nje ijisajili yenyewe kwa mtandao, iseme yenyewe imeuza kiasi gani huku, ilipe asilimia mbili ya mapato hayo, na itoze ile kodi ya ongezeko la thamani kwenye huduma inazouza.

"Iseme yenyewe," Mwanaidi alirudia.

"Ndiyo."

"Hakuna anayekwenda kuangalia rafu."

"Hawana rafu, dada."

Jioni ile niliandika barua kwa Kiingereza, kwenye lile dirisha la maswali la ule mtandao, maana anwani nyingine haikuwepo. Nilieleza kwa upole. Jibu lilikuja kabla sijainuka kwenye kiti: asante kwa kuwasiliana nasi, tunathamini maoni yako, na namba ndefu ya shauri. Nikaandika tena kesho yake. Jibu lilikuwa lile lile, namba tofauti. Mara ya nne lilikuja na nyongeza, maelekezo ya namna ya kupata wateja zaidi. Mwanaidi alikuwa anakuja kila asubuhi kusimama nyuma ya kiti changu. "Wamesema nini?" Nilikuwa namtafsiria. Ilifika siku nikawa naona haya kutafsiri, nikamwambia bado hawajajibu, na nadhani huo haukuwa uongo.

Mwezi wa nne alikwenda Iringa kwa Saida kuchukua risiti za matangazo, kwani zilikuwa kwenye barua pepe ya binti. Alinisimulia baadaye. Saida alikuwa amepanga chumba mtaa wa Gangilonga, chini ya kilima cha mawe. Amekonda. Alikuwa amelia siku nyingi, na alipomwona mama yake hakumlilia bali alimkaripia, kama watoto wanavyofanya wakiogopa.

"Mama, apa tu! Nani anasoma viapo?"

"Mungu anasoma."

"Basi Mungu anajua hatukuuza."

"Anajua pia tuliandika."

"Niliandika mimi. Niape mimi."

"Leseni ina jina langu, Saida. Kula, chakula kinapoa."

Alirudi na karatasi arobaini na mbili, za yale matangazo yaliyolipiwa. Juu ya kila risiti kulikuwa na kiasi cha tangazo, na chini yake mstari wa kodi, asilimia kumi na nane. Alikuwa hajawahi kuuona ule mstari. Alikuwa anajua tu kwamba mwaka mmoja matangazo yalipanda bei ghafla. Ile kodi tuliyosoma magazetini kwamba wakubwa wa ng'ambo sasa watatozwa, kwenye risiti hizi aliyekuwa ameilipa ni Mwanaidi Bushiri wa Mwanjelwa, shilingi elfu mbili, elfu tatu kwa tangazo, na wakubwa waliifikisha.

Nilimwona akiwa na tumaini siku ile, kwa mara ya mwisho. Alizipanga risiti zile kwa tarehe, akazifunga kwa uzi wa kushonea, akavaa baibui jipya. Ofisini alimwekea Anania mezani.

"Hela yenu inapitia kwangu, mwanangu. Angalia. Mnapokea kodi yao kupitia kwangu. Basi waulizeni."

Anania alizipitia zote arobaini na mbili, bila haraka. "Hizi zitakusaidia kwenye gharama kidogo, mama. Kwenye mauzo hazisemi kitu."

"Lakini wao wanajua nimeuza ngapi. Kila anayegusa picha wanajua. Mpaka kidole wanajua."

"Wanajua."

"Waulizeni."

"Kuna kitengo Dar es Salaam kinachoshughulika nao. Na hicho nacho kinapokea kile walichoandika wao. Jumla tu, mama. Hawaandiki Mbeya wala Mwanjelwa. Mimi nimepewa kuanzia kona ya vitenge mpaka machinjio ya kuku."

"Kwa hiyo wao wakiandika, mnaamini."

"Tunaamini."

"Na mimi?"

Mhudumu alipita na chai, akamwekea Anania kikombe, hakukigusa. "Na wewe pia, mama, tumeamini ulichoandika. Ndiyo tatizo lenyewe."

Hakusema kwa kejeli. Ningependa ningeweza kusema alikuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa mepesi kuyabeba.

Kikabaki kiapo. Wakili mmoja wa Mwanjelwa alikichapa kwa elfu kumi na tano. Nilikisoma. Mimi Mwanaidi Bushiri, mtu mzima, Mwislamu, mwenye akili timamu, naapa kwamba kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nikitangaza habari zisizo za kweli kwa wateja wangu, nikijua si za kweli, kwa kusudi la kuwafanya wanunue. Maneno ya kisheria hayana pa kujificha. Mwanaidi aliikunja ile karatasi ikawa ndogo kama pipi, akaitia kwenye mkoba. Ilikaa humo siku nne.

Siku ya tano alimwita Alinanuswe, mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja wa Tukuyu mwenye mabega mapana anayeuza mchele wa Kyela jumla. Alimchagua yeye kwa sababu walikuwa wamezikiana waume. Tulikaa watatu ndani ya duka, mlango nusu. Alinanuswe alivaa miwani, akasoma taratibu, mdomo ukitembea bila sauti. Alipomaliza alirudia tena kuanzia juu.

"Ndaga, dada, kwa kuniamini," alisema, maana hata kwenye shida yeye huanza na asante. Kisha akauliza, "Kile kitenge changu cha buluu, cha harusi ya mwanangu. Uliniambia kimebaki kimoja."

Alimtazama Mwanaidi juu ya miwani.

"Kilikuwa kimebaki kimoja?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu duniani angejua, na ule mtandao unaojua kila kidole ulikuwa mbali na haujibu barua.

"Vilibaki kumi na tisa," alisema Mwanaidi.

Nje, Jailos alikuwa anabishana na mteja juu ya mfuniko wa ndoo. Alinanuswe alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge alichovaa. Sikumbuki kama kilikuwa chenyewe kile cha buluu, na sikutaka kuangalia.

"Nitasaini," alisema hatimaye. "Wewe ni dada yangu, nitasaini hata sasa hivi. Ila sanduku, kwa siku hizi mbili tatu, nipe nikae nalo mimi. Si kwa ubaya. Watu wakisikia wataanza kuulizana."

Mwanaidi aliinuka. Alilitoa sanduku chini ya meza ya kukatia, akaweka funguo juu yake, akamkabidhi. Kisha akaichukua ile karatasi mikononi mwa Alinanuswe kabla hajapata kalamu, akasema, "Basi, dada. Asante. Usisaini."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Sanduku lilikuwa limeshakwenda. Angalau angesaini akaliokoa duka. Nilimwambia hivyo baada ya Alinanuswe kuondoka, tena kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naona anazama huku kamba iko mkononi.

"Kwa Alinanuswe jina limekwenda," alinijibu. "Kwa wale ishirini na sita bado. Nikipeleka hii karatasi, shahidi wa pili ni nani? Na wa pili atamwambia nani?"

"Kwa hiyo utalipa kodi ya vitenge ambavyo hukuuza?"

"Nilisema nimeuza."

"Dada, lile si neno la kulilipia duka zima!"

"Wewe umesoma, mdogo wangu. Niambie neno gani basi la kulipia."

Siku za pingamizi zikaisha. Mwezi wa sita aliachia fremu kwa mtu wa kupokea na kusambaza vifurushi vya wanaonunua mtandaoni, akapokea kilemba, yaani ile hela ya kuachiwa mlango. Aliuza mzigo wa Iyunga kwa bei ya kutupa. Vyote viwili vilikwenda kwenye kodi, na hati ya kutodaiwa ikatoka siku mbili baada ya yeye kukosa mahali pa kuitundika. Anania alimsindikiza mpaka getini. Sijui walizungumza nini. Niliona tu amevua kofia.

Saida aliufuta ukurasa. Ilichukua siku thelathini, kwa sababu kampuni humpa mtu mwezi mzima wa kufikiri upya.

Mwanaidi alirudi mkoani kwao, lakini si mjini, mbele ya watu wa Mshindo waliomjua akiondoka na vigelegele. Alipanga chumba Kilolo. Mwezi wa kumi na mbili nilipita huko kumwona dada yangu aliyeolewa na mkulima wa njegere, nikamkuta gulioni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa. Alikuwa ametandika turubai chini na juu yake doti thelathini hivi, amejifunika shuka mabegani, na mtoza ushuru alikuwa ndiyo kwanza amemtolea karatasi kwenye kale kamashine ka mkononi. Aliipokea, akaitia kwenye mkoba bila kuisoma.

Tuliulizana hali. Alisema magoti yanamsumbua kwa baridi. Sikuwa na la kusema juu ya Mwanjelwa ambalo lingemfaa, kwa hiyo nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikawa natazama watu.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akasalimia kwa Kihehe. "Kamwene, dada."

"Kamwene."

Alichagua kitenge cha kahawia chenye maua makubwa, akakinyanyua kwenye mwanga kidogo uliokuwepo, akakisugua kwa vidole. Kilimpendeza, ilionekana. Aliuliza bei, hakupinga. Alikuwa ameshaanza kufungua fundo la leso yake.

"Rangi inatoka?"

"Inatoka," alisema Mwanaidi. "Mara mbili za kwanza. Ukikiloweka na nguo nyeupe utaziharibu."

Mwanamke alifunga fundo lake. Alisema ngoja azunguke kwanza, akaenda kwenye turubai la mbele, na tukamsikia mwenye turubai lile akimwambia kwa furaha kwamba vya kwake havitoki hata ukivichemsha. Mwanaidi alikichukua kile kitenge, akakikunja pembe kwa pembe, akakirudisha mahali pake.